J Dilla: mpiga dramu aliyetumia vidole

Kuna ubishi mmoja huwa hauishi wanapokutana vijana wapenda muziki. Upande mmoja wanasema prodyuza wa hip hop siyo mwanamuziki, ni mtu wa kubonyeza-bonyeza vitufe tu, kazi yote inafanywa na mashine. Upande wa pili wanapinga, lakini wakiombwa mfano wanaishia kutaja nani ana magari mengi. Leo nawaletea maisha ya jamaa mmoja ambaye mimi nikishamtaja, makelele huwa yanapungua. Jina lake la kuzaliwa ni James Dewitt Yancey. Mwanzo alijulikana kama Jay Dee, na kuanzia mwaka 2001 akawa J Dilla, kwa sababu watu walikuwa wanamchanganya na prodyuza mwingine, Jermaine Dupri, aliyekuwa akiitwa JD. Alifariki Februari 10, 2006, siku tatu tu baada ya kutimiza miaka 32. Hakuwa staa wa kubandikwa ukutani, na wengi waliocheza nyimbo zake hawakujua kama yupo. Lakini wapiga dramu waliosomea kazi yao, watu wa vyuo vya muziki, wamejifunza upya kupiga ili wafanane na yeye. Tulieni tumsome.

Alizaliwa Februari 7, 1974 huko Detroit, jimbo la Michigan, Marekani. Huo ndio mji wa viwanda vya magari, na ndio mji ilikoanzishwa Motown mwaka 1959, kampuni ya rekodi iliyowatoa kina Stevie Wonder na Marvin Gaye. Ila Detroit aliyokulia Dilla haikuwa ile ya neema. Mwaka 1950 mji ulikuwa na watu karibu milioni 1.85, mwaka 1990 wamebaki kama milioni 1.03. Viwanda vilipunguza watu, wenye uwezo walihama, na Motown yenyewe ilishahamia Los Angeles mwaka 1972, kabla hata Dilla hajazaliwa. Kilichobaki ni santuri ndani ya nyumba za watu na wanamuziki waliokataa kuondoka.

Nyumbani kwao, mtaa wa Conant Gardens, muziki ulikuwa kama chakula. Baba yake, Beverly Dewitt Yancey, alipiga gitaa la besi kwenye jazz. Mama yake, Maureen, ambaye mashabiki wote wanamwita Ma Dukes, aliimba opera. Mama huyo amesimulia kwamba mtoto wake alianza kushughulika na santuri akiwa na umri wa miaka miwili hivi, yaani kabla hajajua vizuri kuongea anajua wimbo upi uko kwenye sahani ipi. Alipokua akajifunza vyombo kadhaa, dramu zikiwemo, na ile sello, ndugu mkubwa wa fidla. Kwa hiyo mdau anayesema maprodyuza hawajui vyombo, aanze kupunguza sauti hapo.

Biti zake za mwanzo hazikutoka kwenye mashine ya maana. Alitumia kaseti. Unarekodi kipande cha wimbo wa zamani, unabonyeza pozi, unarudisha santuri nyuma, unaachia pozi kwa wakati uleule, unarekodi tena kipande kilekile, mpaka upate dakika tatu za mdundo unaojirudia. Ukikosea kuachia pozi hata kwa nukta moja, biti imeharibika na unaanza upya. Mimi huwa naamini hapo ndipo sikio lake lilinolewa. Mtu aliyeshona muziki kwa kidole na kaseti anajua wakati ni kitu gani.

Akiwa sekondari ya Pershing aliungana na washkaji wawili, T3 na Baatin, wakaunda kundi lililokuja kuitwa Slum Village. Mtaani kwao kulikuwa na mpiga kinanda anaitwa Amp Fiddler, aliyekuwa anazunguka dunia na bendi ya George Clinton. Amp alikuwa na studio nyumbani, na badala ya kufunga mlango aliwaruhusu vijana wa mtaa waingie. Mwaka 1992 hivi akamwonyesha Dilla mashine moja inaitwa MPC. Tukumbuke jina la Amp Fiddler, aliyefariki mwaka 2023, kwa sababu bila mlango wake kuwa wazi huenda leo nisingekuwa na cha kuandika.

Sasa tuielewe hiyo mashine, maana kiini cha habari yote kiko hapo. MPC ni boksi la kampuni ya Akai ya Japani, lililobuniwa na Mmarekani Roger Linn. Juu yake kuna vibao 16 vya mpira vya kugonga kwa vidole. Unaingiza sauti yoyote ndani, sauti ya dramu au kipande cha santuri, halafu kila kibao unakipa sauti yake na kuanza kugonga. Ndani ya mashine kila pigo moja la muziki limegawanywa vipande 96. Ukigonga, inakumbuka umegonga kwenye kipande cha ngapi. Halafu ina kazi moja ya kunyoosha: kama umechelewa au umewahi kidogo, inalisogeza pigo lako lenyewe hadi kwenye mstari. Ukiinyoosha biti yote unapata mwendo wa paredi, kila askari mguu chini kwa wakati mmoja. Inapendeza, ila haipumui.

Dilla alifanya nini? Aliyaacha mapigo mengine yanyooke na mengine akayapindisha, kwa makusudi. Yale matoazi madogo yanayohesabu mwendo yanaweza kuwa yamenyooka kama rula. Dramu ndogo, ile inayolia "ta", inawahi kidogo. Dramu kubwa ya chini, ile ya "du", inachelewa au inaangukia mahali ambapo hukuitegemea. Besi inakuja nyuma ikijivuta kama mtu aliyeamshwa usingizini. Kwa wimbo wa mapigo 90 kwa dakika, kipande kimoja kati ya vile 96 ni kama sehemu 7 tu katika 1000 za sekunde. Sikio haliwezi kuhesabu kitu kidogo hivyo, lakini shingo inajua. Ndiyo maana ukiweka biti yake, kichwa chako kinatikisika tofauti, kama gari lenye tairi moja lililopungua upepo ambalo kwa maajabu linakwenda vizuri kuliko mazima.

Watu walizoea kusema kwamba siri yake ni kuizima tu ile kazi ya kunyoosha na kugonga ovyo. Hapana. Mwandishi Dan Charnas, katika kitabu chake Dilla Time cha mwaka 2022, amechambua jambo hili kwa urefu na kuonyesha kwamba jamaa alikuwa anachagua sauti ipi asogeze na kwa kiasi gani. Alichanganya mwendo ulionyooka na ule mwendo wa kuchechemea wa jazz, vyote viwili ndani ya biti moja na kwa wakati mmoja. Kabla yake mwanamuziki alichagua kimoja. Kwa hiyo anayedhani ni bahati au uzembe, amekosea njia. Jaribu mwenyewe kwenye Fruity Loops: sogeza mapigo kiholela uone kama utapata Dilla au utapata kelele.

Turudi kwenye safari yake. Mwaka 1994 Amp Fiddler alikuwa kwenye ziara kubwa ya Lollapalooza na George Clinton, na kundi la A Tribe Called Quest la New York nalo lilikuwemo. Amp akamkutanisha kijana wake na Q-Tip wa Tribe, na kaseti ya Slum Village ikabadili mikono. Q-Tip aliposikiliza, mambo yakageuka. Mwaka uliofuata, 1995, Dilla akiwa na miaka 21, biti zake zikawa zimejaa kwenye albamu ya The Pharcyde iitwayo Labcabincalifornia, ikiwemo ile ya "Runnin'". Mwaka 1996 akatengeneza wimbo uliobeba jina la albamu ya De La Soul, "Stakes Is High".

Hapo ndipo linapoingia jambo linaloniuma mimi kila nikisoma maisha yake. Dilla, Q-Tip na Ali Shaheed Muhammad waliunda timu ya maprodyuza iliyoitwa The Ummah. Timu hiyo ilitengeneza albamu mbili za Tribe, Beats, Rhymes and Life ya 1996 na The Love Movement ya 1998, pamoja na kazi za wasanii wengine. Kazi ikitoka iliandikwa The Ummah, na kwa kuwa Q-Tip ndiye dunia ilimjua, wasikilizaji wengi waliamini biti zote ni zake. Sisemi kuna aliyefanya wizi, ndivyo walivyokubaliana. Lakini matokeo ni kwamba kijana wa Detroit aliubadilisha muziki wa miaka ya tisini huku jina lake limefunikwa na jina la timu. Na Tribe walipotoa albamu ya 1996, baadhi ya mashabiki walilalamika kwamba sauti imebadilika, lawama zikamwangukia huyohuyo mgeni. Sifa zikapita pembeni, lawama zikamkuta nyumbani.

Waliokuwa kwenye fani lakini walijua. Questlove, mpiga dramu wa The Roots, amesimulia mara nyingi jinsi alivyoshtuka kuisikia dramu kubwa ya Dilla kwenye biti ya The Pharcyde. Huyu ni mtu aliyejifundisha tangu utotoni kupiga sawasawa kama saa, halafu anasikia kitu kinapepesuka kama mlevi lakini hakianguki! Mwisho wa miaka ya tisini wakajikuta pamoja kwenye kikosi kilichoitwa Soulquarians: Questlove, D'Angelo, mpiga kinanda James Poyser na Dilla, wengi wao wakifanya kazi studio ya Electric Lady mjini New York, ile iliyojengwa na Jimi Hendrix. Kwenye albamu ya Voodoo ya D'Angelo, iliyotoka mwaka 2000, Questlove alilazimika kujifunza upya kupiga dramu nyuma ya wakati, ili mtu wa kweli mwenye mikono na miguu asikike kama mashine ya Dilla. Fikirieni hapo wadau. Mashine ilitengenezwa iige binadamu, sasa binadamu anaiga mashine, kwa sababu aliyekaa kwenye mashine alikuwa binadamu zaidi ya wote.

Mwaka huohuo wa 2000 ulikuwa wake. Like Water for Chocolate ya Common ilibebwa kwa sehemu kubwa na biti zake, na wimbo "The Light" ukateuliwa kugombea Grammy. Kwenye albamu hiyohiyo Femi Kuti wa Nigeria alishiriki wimbo wa kumuenzi baba yake, Fela. Erykah Badu naye akatoa Mama's Gun, na "Didn't Cha Know" ni kazi iliyotoka mikononi mwa Dilla. Slum Village nao wakafanikiwa kutoa rasmi Fantastic, Vol. 2, albamu iliyokuwa ikizunguka kwa kunakiliwa kabla haijafika dukani.

Mwaka 2001 akatoa albamu ya kwanza kwa jina lake, Welcome 2 Detroit, kupitia kampuni ya BBE ya London. Humo alifanya kitu ambacho wabishi wanapaswa kukisikia: aliacha kukata santuri za watu kwa sehemu kubwa na kushika vyombo, yeye na wenzake. Alirudia wimbo wa Donald Byrd, mpiga tarumbeta wa jazz aliyezaliwa Detroit, na akarudia pia wimbo wa "African Rhythms" wa bendi ya Oneness of Juju. Ukimsikiliza akiwa mbali na MPC utagundua mwendo ni uleule. Yaani mwendo haukuwa wa mashine hata siku moja, ulikuwa wa kwake.

Baada ya hapo akaachana na Slum Village na kusaini na kampuni kubwa, MCA. Alitengeneza albamu ambayo humo yeye ndiye anachana na biti nyingi amewapa maprodyuza wengine. Kampuni haikuitoa, na mwaka 2003 MCA yenyewe ikamezwa na Geffen. Albamu ilikaa kabatini mpaka mwaka 2016, miaka kumi baada ya kifo chake, ilipotoka kwa jina la The Diary. Mwenyewe hakukaa kulia. Mwaka 2003 akatoa Ruff Draft kwa njia ndogo, yenye sauti chafu kwa makusudi, na mwaka huohuo akashirikiana na Madlib wa California kwenye albamu ya Champion Sound, wakijiita Jaylib.

Lakini mwili ulishaanza kugoma. Aliugua maradhi mawili kwa pamoja. Moja linaitwa TTP, ugonjwa adimu wa damu unaofanya mabonge madogo yagande kwenye mishipa midogo na kuziba njia. La pili ni lupus, ambapo kinga ya mwili inageuka na kuushambulia mwili wenyewe, viungo vinavimba, figo zinachoka. Mwaka 2004 alihamia Los Angeles, akaishi nyumba moja na Common. Alilazwa mara kwa mara, alisafishwa damu kwa mashine, mama yake akaacha mambo yake Detroit akaja kumuuguza. Mwishoni mwa 2005 alikwenda ziara ya Ulaya akiwa kwenye kiti cha magurudumu, na akapanda jukwaani hivyohivyo, mama yake akiwa naye safarini.

Kipindi hichohicho ndipo ilipoundwa albamu ya Donuts. Ina vipande 31, vingi havifiki dakika mbili, hakuna anayechana. Mashabiki wanapenda kusimulia kwamba yote ilitengenezwa kitandani hospitalini. Ukweli, kwa mujibu wa uchunguzi wa Charnas, ni kwamba sehemu kubwa ilikuwa kanda ya biti aliyoitengeneza mapema mwaka 2005, kisha ikapanuliwa na kupangwa pamoja na watu wa kampuni ya Stones Throw. Hata hivyo hospitalini kazi haikusimama. Mama yake ameeleza jinsi alivyokuwa akimkanda vidole vilivyovimba ili aweze kubonyeza tena. Mimi naona ukweli huu haupunguzi kitu. Hatuhitaji hadithi ya miujiza kumheshimu mtu aliyefanya kazi huku mwili unamsaliti.

Donuts ilitoka Februari 7, 2006, siku aliyotimiza miaka 32. Februari 10 akafariki nyumbani kwake Los Angeles, moyo ulisimama. Albamu nyingine, The Shining, aliiacha karibu kuisha, na rafiki yake Karriem Riggins, mpiga dramu wa jazz kutoka Detroit, akaimalizia. Ikatoka Agosti mwaka huohuo. Nyie mnaona? Kazi ya mpiga dramu wa vidole ikamaliziwa na mpiga dramu wa fimbo.

Alichoacha kifedha kilikuwa kichungu. Kulikuwa na madeni ya kodi na bili za matibabu, na kwa miaka kadhaa kukawa na mvutano kuhusu nani ana haki ya kutumia jina lake na biti zake, wakati mama na watoto wake wakisubiri. Kaseti zake zilizagaa mitandaoni, watu wakichana juu yake bila kumuuliza mtu. Mtu aliyetajirisha albamu za wengine aliiacha familia ikihangaika. Hili ndilo somo ninaloomba vijana mnaotengeneza biti mlichukue kuliko yote. Biti yako ni utunzi. Jina lako liandikwe, makubaliano yawe kwenye karatasi, nakala ya kazi ikae mahali ndugu zako wanapajua. Unaweza kuwa fundi kuliko wote na bado ukafa jina lako likiwa nyuma ya jina la mwenzako.

Heshima ilikuja, ila ilichelewa. Februari 2009, jijini Los Angeles, okestra kamili iliyoongozwa na Miguel Atwood-Ferguson ilipiga biti zake kwa fidla na tarumbeta, kazi iliyoitwa Suite for Ma Dukes. Wapiga kinanda kama Robert Glasper na wapiga dramu kama Chris Dave wakaugeuza mwendo wake kuwa lugha ya kawaida ya jazz. Na ile MPC3000 yake, boksi lililochakaa kwa vidole, mama yake aliikabidhi makumbusho ya taifa ya historia na utamaduni wa Wamarekani Weusi, Washington DC, yaliyofunguliwa mwaka 2016. Imewekwa kwenye kioo kama inavyowekwa tarumbeta ya mpiga jazz. Hakuna aliyeandika pale kwamba ni mashine ya mtu asiyejua muziki.

Kwa hiyo mdau, siku ukisikia tena kwamba prodyuza anabonyeza tu, usibishane sana. Mwambie asikilize Donuts kwa hedifoni mwanzo hadi mwisho, halafu aonyeshe ni sehemu ipi mashine ilifanya yenyewe. Na ukumbi wa maoni uko wazi hapo chini: prodyuza gani wa nyumbani ambaye biti zake mnazicheza miaka yote lakini hamjui hata jina lake kamili? Mtajeni, tuanze kuandika majina yao wakiwa hai.

Nawasilisha.